Gari Isizime Mbele ya Wamboi

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Ruiru

Daftari, hujambo. Shule niliachia darasa la tano, na barua ndiyo tulifunzwa kuandika, kwa hivyo naanza na salamu. Githinji mzee wangu ni mzima, kifua tu na hii baridi. Kui binti yetu ni mzima, anaolewa Jumamosi. Awiti jirani ni mzima. Kuku ni wazima. Gari si nzima.

Imezima mara tatu tukienda Thika. Ikikimbia ni sawa. Ikisimama, mshale wa mizunguko ya injini unapanda, unashuka, usukani unatetemeka kama mtu wa malaria, halafu kimya. Wamboi, dada ya Githinji, alikuwa nyuma na gari yake mpya. Akateremsha kioo akauliza kama bibi harusi ataenda kanisani kwa miguu. Amejitolea kumbeba Kui kwa gari yake hiyo. Kui akasema gari hii ndiyo ilimleta kutoka hospitali akiwa na siku mbili, na ndiyo itamtoa kwa baba yake. Nimeapa itamtoa.

Shida ni lango. Wakwe wakija kumchukua Kui, sisi wanawake tunalifunga, tunaimba, na wao waimbe mpaka tutosheke. Wakati huo wote gari itakuwa ndani inangoja ikinguruma, kwa sababu ukiizima ikiwa na moto haiwaki tena haraka. Na Wamboi atakuwa hapo na masikio yake.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepata njia. Nikakunja ndara, nikaikwamisha juu ya pedali ya mafuta. Injini haikulala tena. Ilipiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi. Githinji akaingia, akaweka gia, gari ikaruka mpaka kwa sukuma wiki ya Awiti. Awiti amesema harusi ni ya wiki hii lakini ujirani ni wa maisha. Nimempelekea mayai.

Alhamisi, 7 Agosti

Fundi Musembi amekuja kutoka Thika. Leo nimeona kitu.

Anasema ukitoa mguu kwa pedali, mlango mkubwa wa hewa unafungwa, na injini inabaki kupumua kwa kijitundu pembeni. Kijitundu kina valvu ndogo, inatosha kiganja. Kompyuta ya gari inaifungua na kuifunga kidogo kidogo, mchana kutwa, bila kuambiwa na mtu. Asubuhi kukiwa na baridi, hewa zaidi. Ukiwasha taa, inaongeza. Nilimwuliza nani anaiangalia. Akasema hakuna, mama, inajijua. Nilikaa chini kwenye debe.

Valvu ilikuwa imejaa masizi meusi. Akaipulizia dawa ya kusafisha, akaifuta, akairudisha. Injini ikatulia. Niliweka glasi ya maji juu yake na maji hayakutikisika. Miaka yote hiyo imekuwa ikipumua pale, na mimi naipigia kelele.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijalala. Barabara yetu ni vumbi tupu. Kitu kidogo namna ile, nani anakifunika? Nimechukua nailoni ya godoro jipya la Kui nikaifunga kwenye mdomo wa bomba la hewa la injini, kwa raba mbili za kufungia. Nimeacha kitundu kidogo, kwa sababu Musembi mwenyewe alisema inapumulia kitundu. Githinji sijamwambia. Wanaume wanapenda kuuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Tuliimba dakika arobaini. Gari ilinguruma polepole wakati wote, sawasawa, kama paka. Wamboi alisogea, akaweka sikio karibu na boneti, akarudi kwa gari yake. Kui akatoka na shela yake, akaketi nyuma. Lango likafunguliwa. Githinji akakanyaga mafuta.

Ikakohoa. Ikazima. Mbele ya wakwe wote.

Wamboi tayari alikuwa amefungua mlango wa gari yake. Kui akamwambia shangazi yake, tata, asante, nangoja hapa. Githinji akafungua boneti, akatoa nailoni, akaishika juu watu waone, akauliza ni nani amenyonga gari yake. Nikajibu kwamba ilikuwa inapumua vizuri. Akasema mtu aliyelala hahitaji hewa kama mtu anayepanda mlima. Kwa shela yake, Kui alicheka mpaka rangi ya macho ikashuka.

Ikakataa mara mbili. Ya tatu ikawaka. Tulipita mto Chania, kuelekea kanisa la wakwe, tumechelewa nusu saa, na kwa kila tuta ilisimama bila kuzima. Nililia kanisani. Watu walidhani ni sababu ya Kui, na ilikuwa sababu ya Kui pia.

Jumapili, 10 Agosti

Githinji ameenda kanisa la hapa karibu kwa miguu, nikasema naumwa kichwa. Valvu ile imetufanyia kazi kubwa, haifai kukaa na vumbi la jana. Nimeitoa mwenyewe na bisibisi. Nimeiosha na sabuni ya unga, maji ya vuguvugu kama ya mtoto. Skrubu moja imepotea, siioni. Nimemtumia Musembi ujumbe:

Fundi, sisi wote ni wazima. Valvu iko kwa beseni, inatoa mapovu. Nijibu upesi, kabla ibada haijaisha, waya wake unaoshwa pia?