Maswali Niliyompikia Redio

Jumatatu, 3 Juni
Bosi katangaza: Ijumaa tunafanya semina ya mtandaoni kuhusu kulea vifaranga. Wafugaji mia tatu wamejiandikisha. Atakayeng'ara ndiye mkuu mpya wa kitengo cha mafunzo. Nikasogeza kiti mbele. Miaka tisa nakisubiri cheo hiki! Bosi akasema mtoa mada ni Redio. Redio! Ana miezi minane tu kazini. Tunamwita hivyo kwa ajili ya sauti yake, ambayo watu wanaisifu kana kwamba aliitolea jasho. Mimi kazi yangu ni kuwaandaa wote: mtoa mada, fundi mitambo, hata waulizaji. Yaani nimpambe bwana harusi, na mimi ndiye niliyeposa.

Jumanne, 4 Juni
Mazoezi ya kwanza. Nimemkalisha Redio mgongo dirishani, uso uwe giza kwenye skrini. Bosi akauliza kile kivuli ni cha nani. Safi! Redio akacheka, akageuza meza, akanishukuru kwa kuwaonyesha wote umuhimu wa mwanga. Bosi kaandika kwenye daftari lake kwamba Redio ni mwepesi wa kujifunza. Hata hujuma yangu imempa sifa yeye.

Jumatano, 5 Juni
Nimepata! Slaidi zake anazijua, maswali hayajui. Nimeandika maswali ya kumtoa kijasho. Mengine nimempa shangazi, ambaye anafuga kweli. Mengine nimempa kinyozi wangu. Hajawahi kufuga hata njiwa, ila anaongea kwa kujiamini. Karatasi yake nimeijaza na maelekezo, maana mtu lazima aandaliwe. Nimemwambia aisome kama ilivyo, asiongeze wala asipunguze. Kaapa.
Nyumbani mke wangu naye kajiandikisha, eti amsikilize Redio. Hatuna kuku!

Alhamisi, 6 Juni
Redio kaniomba nimjaribu kwa maswali magumu. Nimemuuliza kama vifaranga wanahitaji maji. Kajibu vizuri, nikampongeza. Baadaye kaniletea chai. Ilikuwa tamu, inaniudhi mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Juni
Watu mia tatu na kumi na wawili!
Shangazi kapewa nafasi. Karatasi yangu kaitupa, akaanza kulia shida yake: vifaranga wanalundikana kona moja na kufa. Redio akamuuliza kwa upole upepo unaingia wapi bandani. Shangazi akaenda kutazama, sote tukasubiri. Akarudi na habari ya tundu kubwa ukutani. Kamwombea dua Redio mbele ya wote. Mimi ni damu yake, sijawahi kuombewa hata nusu ya dua hiyo. Roho iliniuma waziwazi.
Kisha kinyozi. Akasoma: "Chanjo ya kwanza ni siku gani, na kwa nini? Hapa cheka kidogo kwa dharau. Akisitasita, mwambie awaachie wenye uzoefu wa miaka tisa."
Akageuza ukurasa, aendelee. Bosi akamuuliza karatasi kapewa na nani. Kinyozi, mtu mwaminifu, akanitaja jina langu lote, la baba na la babu, akaongeza na mtindo ninaonyolewa. Nilitamani ardhi inimeze.
Redio akadakia. Akasema tulipanga sisi wawili, ili wafugaji wachangamke na waulize bila woga. Watu wakaangua kicheko. Maswali yakamiminika saa nzima, na yote akayajibu. Kaniokoa mbele za watu! Nani alimtuma?

Jumatatu, 10 Juni
Redio ndiye mkuu wa kitengo. Ombi lake la kwanza kwa bosi: niwe msaidizi wake. Kasema nina kipaji cha kuandaa watu. Ujanja wake nimeshaujua, anataka nionekane mdogo kwa karibu.
Shangazi kapiga simu. Vifaranga hawajambo, Redio nimsalimie. Mimi hakuniuliza hali.
Semina nyingine ni mwezi ujao. Kosa nimeliona, na si langu, ni la wino. Nimempelekea kinyozi karatasi mpya: maneno meusi ayasome, mekundu ayafuate tu kimyakimya. Kaipitia kwa makini, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akauliza yale mekundu ayasome kwa sauti gani. Nimemwambia Alhamisi tunaanza mazoezi.