Waraka wa Kumtafuta Mama

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa manispaa ya Santa Rita del Mezquite siku ya Jumatatu, likiwa na mihuri mitatu na sahihi moja ndefu. Lilisema kwamba, kwa faida ya taifa na kwa utulivu wa kompyuta, kuanzia siku hiyo mtu mwenye jina moja tu la ukoo hatahesabiwa kuwa kamili.

Sahihi ilikuwa ya Lisensiado Fidencio Arriaga Bustos, Mkuu wa Idara ya Ukamilifu wa Majina. Lisensiado si jina, ni heshima wanayopewa huku wenye digrii, na wakati mwingine hata wenye tai tu. Fidencio alikuwa na vyote viwili. Idara yake ilikuwa na watu wawili: yeye, na katibu wake Bi Ofelia, mama wa makamo aliyekwisha kuwaaga wakuu sita na hakuwa na haraka na wa saba.

Jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Mtu wa Mexico hubeba majina mawili ya ukoo: la baba hutangulia, la mama hufuata. Arriaga ni baba, Bustos ni mama. Lakini wageni wa Santa Rita, wengi wao wastaafu waliokuja kuota jua, walikuwa wamefika na jina moja moja, kama mtu aliyetoka kwake amevaa kiatu kimoja. Kompyuta mpya ya idara ilikuwa na visanduku viwili. Cha pili kikibaki kitupu, inagoma. Mkuu aliyepita alikuwa akijaza alama ya X na maisha yanaendelea. Lisensiado Fidencio aliona hilo ni tusi kwa akina mama wote wa dunia.

Ndipo akaandika Waraka Namba 14. Mgeni asiye na jina la mama alipewa siku thelathini kulipata. Cheti cha kuzaliwa cha huko kwao hakikutosha, kwa sababu mama ni mtu, si karatasi. Mama afike dirishani mwenyewe pamoja na mgeni, kila mmoja na kitambulisho, nakala mbili, picha nne zenye masikio wazi na bila tabasamu, na bili ya umeme isiyozidi miezi mitatu, kisha mama aseme mbele ya afisa, kwa sauti ya kusikika: "Huyu ni wangu." Atakayekosa mama, kibali chake cha kuishi hakitahuishwa, na atarudi alikotoka.

Wa kwanza kufika alikuwa Ragnhild Moen, mkunga mstaafu kutoka Norwei, mwenye miaka sabini na minne. Jina Ragnhild watu wa mji walilijaribu mara moja wakaliacha, wakamwita Reynalda, naye akaitika. Alikuwa ameishi mtaa wa nyuma ya kanisa miaka kumi na miwili. Alijua sauti ya gari la gesi tangu likiwa barabara ya tatu, na tangi la maji la paa lake alilipanda kulisafisha mwenyewe. Nyumba ya kwao aliiuza zamani. Huko Norwei hakuwa na hata msumari wa kutundikia koti. Kibali chake kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi.

"Habari za asubuhi, Lisensiado."

"Nzuri. Chukua namba."

"Niko peke yangu."

"Ndiyo maana utakuwa namba moja, bibi. Chukua."

Reynalda akachukua namba, akakaa kwenye benchi. Lisensiado akapanga kalamu zake, akasubiri muda unaostahili, akaita, "Namba moja." Reynalda akasimama.

"Hii bili ya umeme ina jina la Trinidad Ochoa," akasema Lisensiado. "Ni nani?"

"Mwenye nyumba wangu. Alikufa miaka tisa iliyopita."

"Na bado analipa kwa wakati. Raia mwema. Bili inakubalika. Mama yako yuko wapi?"

"Alifariki mwaka sabini na tisa."

"Pole sana. Anaweza kufika lini?"

"Lisensiado, nimesema alifariki."

"Nimesikia, bibi, na nimekupa pole. Lakini pole haina kisanduku."

Reynalda akamtazama. Katika kazi yake alikuwa amepokea watoto elfu mbili na kitu, na wachache kati yao walitoka na uso kama huu, wa mtu ambaye hajakubali kuwa amefika.

"Nina miaka sabini na minne," akasema taratibu. "Mama nimtoe wapi?"

Lisensiado hakuwa mtu mkatili. Alitaka kumtia moyo. "Umri si kikwazo. Waraka hausemi mama awe amekuwa mama tangu lini. Tafuta, bibi. Atafutaye hachoki."

Bi Ofelia akayaandika maneno hayo kwenye daftari la tafsiri rasmi, na tarehe na saa, kama alivyofanya kwa kila neno lililotoka kinywani mwa mkuu. Agizo la daftari hilo lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Wiki tatu zikapita. Mgeni mmoja alileta picha ya mama yake ndani ya fremu. Akarudishwa kwa kuwa masikio hayakuonekana. Fundi seremala wa Kanada alileta barua ya kasisi iliyosema kwamba Kanisa ni mama wa wote. Akaulizwa kama Kanisa linaweza kutia sahihi kwa wino wa bluu. Wengine walianza kugawa kuku wao na kuulizia mabasi ya kwenda uwanja wa ndege. Lisensiado aliwaona wakipita na masanduku, akaandika kwenye ripoti yake ya mwezi kwamba mwitikio wa umma ni mzuri.

Jioni moja simu ya ofisini ikalia. Alikuwa mama yake, Doña Hermelinda Bustos (Doña ni kama kusema Bibi, kwa heshima), mjane wa miaka sabini na tisa, aliyekaa mtaa uleule wa nyuma ya kanisa. Fidencio alikuwa mwanawe wa pekee. Tangu apandishwe cheo mwezi wa tatu hakuwa amekwenda kula kwake Jumapili hata mara moja, maana cheo kina mambo yake.

"Fidencio, hivi ni kweli mtu akikosa mama anafukuzwa?"

"Kweli, mama. Ni waraka."

"Na mwenye mama asiyekwenda kumtazama?"

"Hilo halimo kwenye waraka, mama."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu. Na huyo mama anatakiwa alete nini hasa?"

Fidencio alifurahi. Kwa mara ya kwanza mama yake alionyesha hamu na kazi yake. Akamtajia yote, polepole: nakala, picha, masikio, wino wa bluu. Akamsikia upande wa pili akiyarudia, kama mtu anayemtajia mwingine aandike. Akakata simu akiwa na moyo mweupe.

Siku ya ishirini na tisa, saa tatu kamili, alifungua dirisha na kumkuta mama yake amesimama mbele yake, na ule mtandio wake mweusi wa kwendea misani. Reynalda alikuwa amemshika mkono.

"Mama," akasema, na uso ukamlainika. "Umekuja kuniona nikiwa kazini. Bi Ofelia, mletee mama kiti."

"Kiti nitakitaka," akasema Doña Hermelinda. "Kukuona sikukuja. Nimechukua namba."

Akaiweka namba moja mezani. Juu yake akaweka kitambulisho, nakala mbili, picha nne za uso mkavu na masikio nje kama vikombe, na bili ya umeme ya mwezi uliopita. Kisha akamnyooshea kidole Reynalda.

"Huyu ni wangu."

"Mama."

"Si mlisema kwa sauti ya kusikika? Huyu ni wangu. Nirudie?"

Lisensiado akainamia dirisha, akashusha sauti. "Mama, huyu ana miaka sabini na minne. Wewe una sabini na tisa."

"Nilimpata mapema."

"Haiwezekani."

Bi Ofelia akafungua daftari la tafsiri bila kuharakisha. "'Umri si kikwazo. Waraka hausemi mama awe amekuwa mama tangu lini.' Tarehe mbili, saa tatu na dakika kumi. Ni maneno yako, Lisensiado. Nimeyapigia mstari."

"Mwezi wa tano nilianguka bafuni," akasema Doña Hermelinda, naye hakushusha sauti. "Nikakupigia hapa. Nikaambiwa uko kwenye kikao. Aliyenisikia kupitia ukuta ni huyu. Akaruka uzio, mtu wa miaka yake, akaninyanyua, akanikanda goti siku kumi na moja. Kila asubuhi aliniletea uji. Sasa kesho unamrudisha kwao kwa kuwa hana mama. Basi anaye. Andika."

Lisensiado alikumbuka kile kikao. Kilikuwa cha kuchagua rangi ya visanduku. Akatafuta maji, akatafuta kanuni, hakupata hata kimoja karibu. Mwisho akaandika. Ragnhild Moen Bustos. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikakubali. Ilikuwa haijawahi kukubali kitu haraka namna ile.

Akanyanyua muhuri. Bi Ofelia akaushika mkono wake hewani.

"Samahani, Lisensiado. Kanuni za utumishi, kifungu cha tisa. Afisa hagusi faili la ndugu yake. Kwa mujibu wa mfumo, huyu sasa ni dada yako wa tumbo moja. Sogea, nitapiga mimi."

Akasogea. Bi Ofelia akapiga muhuri. Reynalda akaibeba karatasi kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akibeba wale elfu mbili, na machozi yakamtoka bila kelele.

"Asante, mama," akamwambia Doña Hermelinda.

"Futa uso, mwanangu, unawachelewesha wenzako. Namba mbili."

Hapo Lisensiado akatazama nje. Foleni ilitoka dirishani, ikapita uwanjani, ikakunja kona ya kanisa. Walikuwa wageni arobaini, kila mmoja na picha nne zenye masikio. Seremala wa Kanada akaja mbele. "Huyu ni wangu," akasema Doña Hermelinda. Akaja mwalimu wa piano kutoka Hungaria. "Huyu ni wangu." Wakaja Bwana na Bibi Pruitt wa Texas, walioingia wakiwa mume na mke na kutoka wakiwa kaka na dada. Lisensiado alifungua mdomo kuhoji hilo, akakumbushwa kwamba hao ni ndugu zake na halimhusu.

Ilipofika saa nane mchana, alikuwa amesimama nje ya ofisi yake, uwanjani, na kalamu mkononi. Ndani ya idara halikubaki faili hata moja ambalo kanuni ilimruhusu kuligusa. Mama yake alilisema neno lile kwa wageni arobaini na mmoja, na la mwisho alilisema kwa sauti ileile ya la kwanza.

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka makao makuu ya jimbo. Ilimpongeza kwa kukamilisha majina ya wageni wote ndani ya muda, jambo ambalo hakuna manispaa nyingine iliyolifanya. Iliendelea kusema kwamba, kwa kuwa majina yamekamilika, cheo cha Mkuu hakina kazi tena na kimefutwa kwa shukrani. Bi Ofelia abaki kuiangalia kompyuta.

Jumapili hiyo Fidencio akaenda kula kwa mama yake. Alivaa suti, maana hakujua avae nini kingine. Harufu ya mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na kakao anaoupika mama yake kwa siku mbili, ilimpokea kwenye kona, na tumbo lake likakumbuka kabla yake. Alipofungua mlango akakuta meza imeanzia jikoni ikaishia uani, mbao za seremala juu ya mapipa, na watu wamejaa pande zote wakicheka kwa lafudhi kumi.

Akaenda moja kwa moja kwenye kiti kilicho kando ya mama yake. Reynalda alikuwa amekikalia.

"Hapo ni pa kifungua mimba," akasema Doña Hermelinda. "Tumekaa kwa umri. Wewe una ngapi?"

"Hamsini na mmoja, mama. Unajua."

"Kuna aliye chini ya hamsini na mmoja?" akaiuliza meza nzima. Hakuna aliyenyoosha mkono. Bibi Pruitt, aliyemkaribia zaidi, alikuwa na hamsini na minane, na hilo hakulisema kwa furaha. "Basi wewe ndiye kitinda mimba. Kiti chako kile kule, karibu na mlango."

"Mama, mimi ndiye niliyekuwa..."

"Najua uliyekuwa. Shika kikapu na hiki kitambaa. Nenda ukachukue tortilla kabla hawajafunga. Kilo nane."

Katika nyumba za Mexico, anayetumwa tortilla, zile chapati za mahindi za kila mlo, ni mdogo kuliko wote, na jambo hilo halina rufaa. Lisensiado Fidencio Arriaga Bustos alisimama kidogo na suti yake. Alitaka kusema kitu, akamwona mama yake anavyomtazama: hakuwa na hasira, alikuwa anamtazama kama mtu aliyengoja tangu mwezi wa tatu. Akachukua kikapu.

Duka la tortilla lilikuwa limejaa, mashine inapiga kelele, joto linatoka mlangoni. Kwa mazoea akapita hadi mbele.

"Lisensiado," akasema mzee mmoja kwa upole, "foleni inaanzia kule."

Akarudi kule. Akasimama nusu saa nyuma ya watoto wa watu, jasho likimshuka ndani ya kola. Zamu yake ilipofika, mwenye duka akakitazama kikapu, akaitazama na tai.

"Kilo ngapi?"

"Nane."

"Kuna msiba?"

"Hapana. Ni nyumbani."

"Nyumbani? Kwani mama yako ana watoto wangapi?"

Fidencio akavuta pumzi. Watu wa foleni walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Arobaini na wawili," akasema.

Mwenye duka akaanza kupima, hakushangaa sana. Alikuwa amefanya biashara hiyo miaka mingi. "Na wewe ni wa ngapi?"

"Wa mwisho," akasema Lisensiado, akakitandaza kitambaa ndani ya kikapu ili zisipoe.