Nambari Tano, Washa Simu

Leo nimefedheheka mbele ya jeneza, na sina wa kumlaumu.

Mnajua mimi ndiye msimamizi wa chama chetu cha bitkoini, zile pesa za mtandaoni, hapa Mishomoroni. (Cheo nilijipa mwenyewe.) Mfuko wetu ni mmoja, na tunalipana humo humo bila kupitia mtandao mkuu wa bitkoini, kwa hiyo ada ni ndogo mno. Sharti moja tu: hela hazitoki mpaka kila mwanachama awe hewani na abonyeze "Kubali". Akikosekana mmoja, ni kungoja siku kadhaa.

Asubuhi tulikuwa tunamsindikiza Mama Kadzo, mwenzetu chamani, akazikwe kwao Kaloleni. Chama kiliahidi kulipia gari la maiti. Dereva naye akaapa hawashi gari kabla ya kuona hela. Jeneza limeshapakiwa, mchungaji keshamaliza sala, wazee wamesimama juani.

Nikatuma malipo. Simu zikalia huku na huku, watu wakabonyeza. Kisha skrini yangu ikaandika: "Nambari 5 hayuko hewani."

(Majina niliyaficha mimi, nikawapa watu nambari, hata mwenyewe nikasahau nani ni nani. Eti usiri. Ujuaji!)

Nikangoja. Nikatuma tena. Wapi! Hasira zikanipanda, maana kuna watu huzima data kuokoa bando hata msibani. Nikachukua kipaza sauti cha mchungaji.

"Nambari tano! Popote ulipo, washa simu! Unamchelewesha marehemu! Huna hata haya?"

Hata waliokuwa wakilia wakageuka kunitazama.

Mzee Kazungu, mumewe marehemu, akainuka polepole.

"Mwanangu," akasema, "nambari tano ni mke wangu."

Mola wangu! Nilitamani kuingia mule garini nilale kando yake.

Bintiye, Kadzo, akatoa simu ya mamake mkobani, akaiwasha. Picha ya Mama Kadzo ikatokea, anacheka. Kisha simu ikalia.

"Nibonyeze wapi?" mzee akauliza.

Nikamwonyesha. Akabonyeza. Hela zikatoka, dereva akawasha gari.

"Hajawahi kumchelewesha mtu," mzee akaniambia, wala hakuwa na hasira. Hapo ndipo nilipolia, na sikunyamaza hadi Kaloleni.

Tafadhali msicheke. Na atakayecheka, kwanza amwambie mtu wa nyumbani kwake nambari yake chamani ni ngapi, asije naye akaitwa mbele ya jeneza lake.