Nafasi ya Sita kwenye Safari ya Changarawe

Jumatatu, 3 Juni

Majina yamebandikwa! Mwalimu wa Jiografia, ambaye ndiye mlezi wa klabu ya baiskeli, kaweka karatasi kwenye ubao wa matangazo wakati wa mapumziko. Majina matano. Mbele ya namba sita hakuna kitu, ila nukta nukta. Nimeisoma mara saba, nikijifanya natafuta ratiba ya mtihani.

Siku nne za likizo, kuvuka safu nzima ya milima kwa barabara za changarawe. Nafasi ya sita itaamuliwa Jumamosi kwa jaribio: kupanda hadi mnara wa simu, kisha kuteremkia upande wa pili hadi kiwanda cha mbao. Wanaoitaka ni wawili. Mimi, na binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye shule nzima inamwita Mapafu kwa sababu anaweza kupanda mlima huku anasimulia sinema.

Mimi wananiita Kabati. Tangu kidato cha kwanza, kila kukiwa na michezo, watu huniachia saa, viatu na mabegi, wao wakaenda kucheza. Sijawahi kupoteza hata soksi. Nimechoka! Mara moja tu katika maisha yangu nataka kuwa yule anayeondoka.

Vitabu vya baiskeli maktabani ni vitatu. Nimevimaliza vyote. Mapafu hajafungua hata kimoja. Namhurumia.

Jumanne, 4 Juni

Kitabu cha kwanza kinasema kila gramu unayoipandisha mlimani ni adui. Baiskeli niliyoazima ni ya baba mdogo, fundi bomba. Nzito kama jokofu. Baada ya masomo nimechukua spana zake, nikafungua keria, kengele, stendi, madigadi yote mawili na kifuniko cha mnyororo. Nimepima kwa mizani ya jikoni. Kilo tano na robo! Nimeruka juu uani peke yangu. Kisha nimekaza vilivyobaki. Zimezidi skrubu tatu. Sijui zimetoka wapi. Gramu kumi na nane nyingine, bila jasho.

Baba mdogo kaja kufuata spana, kakuta lile lundo. Kaokota kengele, kaigonga mara moja. Kisha kauliza, mwanangu, hii umeniogeshea au umenichinjia? Nikamweleza habari za gramu. Kasema hubeba mabomba sita juu ya chuma hicho kila siku na hajakutana na adui yeyote. Jumapili anaitaka nzima. Kasema neno nzima mara mbili.

Jumatano, 5 Juni

Kitabu cha pili: kwenye changarawe punguza upepo wa tairi ili lishike ardhi. Ila usizidishe, maana tairi likilegea sana utakuwa kama unaendesha godoro.

Hapo hapo wazo likanijia. Nimemfuata Mapafu kwenye bomba la maji, nikamshauri kindugu kwamba atoe upepo karibu wote. Kanikumbatia! Kasema, binamu, wewe ndiye mtu, wengine wangenificha. Niliona haya kidogo. Kidogo tu.

Jioni kaenda kujaribu kwenye barabara ya machimbo. Hakuteleza hata mara moja. Kumbe siku zote alikuwa anajaza tairi mpaka linakuwa gumu kama jiwe, na leo kachoka kutoa upepo akaachia katikati, yaani palepale kitabu kinapotaka. Mwalimu kamsifu mbele ya wote. Mapafu kajibu kwa sauti kwamba sifa ni za binamu yake. Pikipiki ilikuwa inapita. Hakuna aliyesikia.

Mimi nilitoa upepo wa tairi langu nikiwa na mawazo mengine, nikazidisha. Tairi limechomoka kwenye rimu mbele ya lango la shule, mbele ya kidato cha kwanza chote. Nimeibeba baiskeli mpaka nyumbani. Bado nzito.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeshindwa kutulia kipindi kizima cha Hisabati. Kasi sina. Sawa. Basi niwe mtu ambaye hawawezi kwenda bila yeye!

Mwalimu amekuwa akilalamika kwamba kule juu upepo unameza maneno, watu wanapiga kelele na hakuna anayeelewa. Nimetunga miito. Neno moja kwa kila jambo, fupi, lenye irabu za kusikika mbali. Rasimu tisa. Mwishowe: Gari! Mawe! Simama! Panda! Shuka!

Mwalimu kaipokea kwa mikono miwili. Kasema hii ni kazi ya mtu mwenye akili, na Jumamosi itaanza kutumika. Kanitaka niisomee klabu. Nimeisoma nusu ya mwili ikiwa nyuma ya mlango, kwa sauti ya mbu. Mapafu kanyoosha mkono. Kauliza Shuka ni kushuka kwenye baiskeli au kushuka mlima. Nimemjibu kwamba muktadha utaeleza. Tangu mwaka jana nilikuwa natafuta pa kulitumia neno muktadha mbele za watu. Wamenyamaza wote. Kwa heshima, nadhani.

Ijumaa, 7 Juni

Siwezi kukaa. Nimeenda uani kukagua mnyororo. Nimerudi. Nimeenda kukagua kama niliukagua. Mama kasema nikae, namtia kizunguzungu. Dada kasema niachwe tu, sakafu inapigwa msasa bure.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Tumeondoka saa moja asubuhi. Kabla ya kuanza, Mapafu kavua saa yake akaninyooshea, kwa mazoea tu. Kisha kakumbuka, kacheka, kairudisha mkononi. Kasema samahani, binamu, leo tupo wote. Nilijisikia mrefu.

Urefu ulikwisha kona ya tatu. Changarawe haikai mahali pamoja, inakukwepa kama mtu anayedaiwa jibu. Nimesukuma baiskeli zaidi ya nilivyoipanda. Mbele nilimsikia Mapafu akimsimulia Mwalimu sinema ya majambazi. Nilipofika mnarani majambazi walikuwa wameshakamatwa. Walikuwa wamekaa juu ya jiwe wananisubiri, ukungu umewazunguka. Mwalimu kasema hajali nani wa kwanza. Kasema atachukua mtu ambaye angependa kuwa naye njia ikiharibika.

Tukateremka. Mapafu mbele, Mwalimu wa pili, mimi nyuma. Ukungu, mawe, mteremko mkali, mikono imekufa ganzi kwenye breki. Ghafla nikamsikia Mapafu kwa mbali: Shuka!

Nilifikiri haraka. Muktadha! Tupo kwenye mteremko. Kwa hiyo anasema njia ni nzuri, shuka. Nikaachia breki.

Nimempita Mwalimu, amesimama kando, ameshika baiskeli mkononi. Kapiga kelele Shuka! Nikaona naye ananitia moyo. Nikainama kama kwenye picha ya kitabu cha tatu. Wakapiga kelele wote wawili, Shuka! Shuka! Shuka! Kadiri walivyozidi ndivyo nilivyozidi kutii. Sijawahi kushangiliwa hivyo maishani.

Mvua ilikuwa imekata barabara. Mtaro, upana wa kitanda. Mimi nilivuka. Gurudumu la mbele nalo lilivuka, lakini peke yake, na likaendelea na safari. Skrubu zile tatu sasa najua zilitoka wapi.

Nilikuwa nimelala kwenye tope naangalia ukungu. Mwalimu kafika mbio, kauliza kama niko hai. Nikamwambia ndiyo, Mwalimu. Kasema, lakini mwanangu, si tulikwambia shuka? Nikamwambia nilishuka.

Mapafu hakucheka. Hilo ndilo limeniuma. Kafunga kifundo cha mkono wangu kwa fulana yake, kateremka korongoni kuokota gurudumu, kisha kabeba baiskeli ya baba mdogo mgongoni huku anaikokota yake, kilomita sita hadi kiwanda cha mbao. Hajasimulia sinema njia nzima.

Jumapili, 9 Juni

Nimemrudishia baba mdogo baiskeli. Siyo nzima. Kaiangalia, kauangalia mkono wangu, kasema mkono kwanza. Kisha kaingia ndani. Afadhali angefoka.

Jumatatu, 10 Juni

Karatasi mpya ubaoni. Namba sita: Mapafu.

Mwalimu kaniita chumba cha walimu. Nilisimama karibu na makabrasha nikiyasoma migongo ili nisilie. Kasema anahitaji mtu wa akiba, na angependa awe mimi. Akiba! Mtu akiugua, naenda! Ila kwa sharti. Kwa wiki tatu, kila siku saa kumi jioni, niende kuendesha na Mapafu, aliyekubali kunifundisha na kuniazima baiskeli yake ya zamani. Hakuna kitabu, hakuna karatasi. Kasema tatizo langu ni kwamba nasoma njia badala ya kuipita. Nimeelewa kabisa. Nimemshika mkono. Nimeahidi kwa dhati.

Kutoka pale nimepitia maktaba. Mtunza maktaba kasema vitabu vya baiskeli nimevimaliza. Nikamwomba kitabu kinachoeleza namna ya kujifunza mambo bila vitabu. Kapanda ngazi. Kipo! Kurasa mia nne na kumi.

Jumanne, 11 Juni

Ukurasa wa tisini na sita. Kizuri ajabu. Sura ya nne yote inahusu kuamini mwili wako. Nimeshaandika muhtasari na nimepiga mistari kwa rangi mbili.

Saa kumi kamili Mapafu alikuja, na baiskeli mbili, akapiga mluzi nje ya geti mara tatu. Nimemtuma Dada akamwambie leo siwezi kutoka. Nipo mazoezini.