Harusi Yetu na Theluji ya Sabina

Njau wa Tanuri,
Kamenu, Thika.

Ndugu Mhariri wa Riwaya,

Nakusalimu kutoka Kamenu, ambako asubuhi hii ukungu umefunika hata mlango wa jirani na bado hakuna aliyekufa. Naanza na hilo makusudi.

Mimi huchoma mikate katika kiwanda kimoja hapa Thika. Shule niliacha mapema, lakini vitabu nimesoma vingi, hasa vile ninavyovikuta kwa muuza maandazi kabla hajavichana kufungia. Chenu, *Sabina na Theluji*, kilinunuliwa kwa heshima zote na mchumba wangu Nafuna. Harusi yetu ni mwezi wa nane, na Mchungaji Ngigi ameshaitangaza kanisani. Nafuna alipomaliza sura ya mwisho alifunga kitabu, akaniambia polepole: "Njau, mimi siolewi kwa baridi. Tungoje jua."

Kwa hiyo nina malalamiko yafuatayo:

1. Kila baya humo ndani hutokea wakati wa baridi. Sabina anaposwa maua yakichanua, na kila mtu ana adabu. Theluji ikianza tu, mama mkwe anakohoa, farasi anateleza, na mchumba, kijana mzima mwenye koti, anaganda darajani. Nilifika mahali nikawa najua anayefuata kufa kabla hajapiga chafya. Hiyo si hadithi tena, ni ratiba.

2. Nimeulizia, nikaambiwa mwandishi wenu, Bwana Muthoka, anaishi Ruiru. Theluji anayoijua ni ile inayoota kwenye friji ya bucha. Huzuni hii yote nyeupe ameipata wapi? Aje Gatuanyaga mwezi wa pili, akae kwa shangazi yangu Warigia, amwone ng'ombe akilitazama hori kavu na vumbi la pikipiki likitua juu ya ugali. Huko watu hukata tamaa sawasawa, na jua linawaka vizuri kabisa.

3. Mmeharibu jina la baridi, na baridi ndiyo inayonipa heshima. Mwezi wa pili hakuna anayesogelea tanuri langu. Mwezi wa saba meneja mwenyewe huja kupasha mikono na kuniita rafiki. Nafuna, ambaye hufungasha mikate, nilimzoea hivyo hivyo: alikuja kuota moto, akasahau kurudi kwenye meza yake. Bila baridi nisingekuwa na mchumba wa kuogopa baridi.

4. Ugonjwa umeenea. Nafuna amemsimulia mamake kwa simu, na huko Bungoma sasa ninaombewa kama mtu aliyekwisha ganda. Wanja, mpishi wetu wa harusi, amekumbuka kwamba katika kitabu wageni hawakufika karamuni, naye hataki kupika pilau ya kumwagwa. Msimamizi wangu Ronny, mwanamume wa kucheza ngumi, anazunguka mbali ili asipite darajani. Mkiendelea kuchapisha, ifikapo mwezi wa saba ujao Thika nzima itakuwa imelala chini ya blanketi ikingoja kufa, na mkate utachomwa na nani?

Naomba basi, kwa unyenyekevu, vifo vyote vihamishiwe wakati wa jua. Kama hilo ni gumu, bandikeni kwenye jalada: *Baridi iliyomo humu si ya Kiambu.* Na kama hata gundi hamna, mleteni Bwana Muthoka harusini akae kiti cha mbele akiwa na shati la mikono mifupi, ili Nafuna ashuhudie mtu akipita kwenye baridi na kutoka mzima.

Nisalimie wapiga chapa, wafagiaji, Bwana Muthoka na wa nyumbani kwake, pamoja na yeyote aliyebaki hai kitabuni. Nadhani ni Sabina na yule mpishi wa karamu tu.

Wako katika ukungu,
Erastus Njau

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii, Nafuna alibadili nia. Amesema kitabu ni kitabu, tuoane mwezi wa nane. Ningefurahi, ila usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeirudia sura ya daraja ili nijue ninacholalamikia, na nikaamka nakohoa. Nilikwenda mbio kwa Mchungaji kuomba tusogeze tarehe. Nilimkuta Nafuna ametangulia. Ameshamwambia tarehe haisogei, na mimi amenipa fulana ya sufu na agizo la kuivaa hadi madhabahuni. Ndiyo niliyovaa sasa. Tafadhali msiguse hata neno moja la kitabu hicho. Kijana yule wa darajani angevaa fulana kama hii, Sabina asingebaki peke yake.