Mwizi Yuko Mbele

Jamani, leo nimepata aibu ya kuhama nayo mkoa. Nawaandikia mapema, kabla watu wa Nyasubi hawajawafikishia habari huko Geita ikiwa imetiwa chumvi. Chumvi haihitajiki. Iliyomo inatosha.

Mnamjua Kabula, mchumba wangu. Mnajua pia kwamba baba yake, Mzee Ndaki, hajawahi kunikubali. Kosa langu ni ukarani. Kwa mzee yule, mwanamume anayelipwa kwa kukaa kwenye kiti hana tofauti na mgonjwa aliyelazwa. Juzi alimuuliza binti yake: "Huyo mtu wako, ukiondoa kukaa, anaweza nini?" Kabula, kwa kunitetea, akajibu kwamba Jumamosi nashiriki mashindano. (Sikuwa nimejiandikisha. Nilikwenda kujiandikisha siku hiyo hiyo.)

Ni yale mashindano ya kufungulia msimu wa pamba. Unakimbia kwa miguu kuzunguka Nyasubi, unarudi uwanjani, unachukua baiskeli, unaendesha njia ya kwenda Tinde mpaka kijiji cha pili, unageuza, unarudi, halafu unakimbia tena. Eti burudani! Mzee Ndaki akatuma ujumbe kwamba atakuja kujionea mwenyewe. Akiridhika, tutaanza mazungumzo ya posa. Asiporidhika, kuna mfuga ng'ombe mmoja huko kwao ambaye ameshaanza kupitapita pale nyumbani kusalimia.

Asubuhi nikafika uwanjani na kaptula mpya, miguu nimeipaka dawa ya kuchua mpaka nanuka kama wodi. Baiskeli zilikuwa zimeegeshwa kwenye ua wa minyaa. Karibu zote nyeusi, za Kichina, zenye keria nyuma. Nikatumia akili. Yangu nikaiweka ya mwisho kabisa, pembeni, ili nikirudi nimechoka nisihangaike kuitafuta. (Naomba muizingatie hiyo akili.)

Filimbi ikalia. Mwanzoni niliongoza! Mama mmoja akasema, "Yule mwembamba leo ataua watu." Kufika sokoni, aliyekuwa anakufa ni mimi. Vijana wakanipita. Mwalimu mmoja mwenye kitambi akanipita. Akanipita hata bwana mwenye begi ambaye nadhani alikuwa anawahi basi tu. Kurudi uwanjani jasho limejaa machoni, sioni vizuri. Nikapapasa ua mpaka mwisho, nikashika baiskeli ya mwisho, nikaruka juu, huyoo!

Na hapo nguvu zikanirudia. Baiskeli ni kitu cha kwetu, nimekua juu yake. Ila leo iliniwia nzito, hasa kwa nyuma. Nikasema ni miguu imechoka. Nikasikia jogoo anawika. Nikasema majogoo wa huku hawajui saa. Akawika tena, karibu zaidi. Nikasema kweli watu wa barabara hii wanafuga.

Sijafika mbali, nikasikia mwano nyuma yangu. Mnajua sheria ya huku kwetu tangu sungusungu waanze kulinda vijiji. Ukisikia lile yowe la hatari, huulizi maswali. Unalipokea, unalipaza kwa walio mbele yako, unaingia kukimbiza. Ukijifanya hujasikia, jioni wanakuja kukutoza mbuzi. Na leo yowe lilikuwa wazi kabisa: mwizi wa baiskeli, anaelekea Tinde!

Nikafikiri kidogo. (Kidogo sana.) Mwizi anaelekea Tinde. Mimi naelekea Tinde. Wanaopiga kelele wako nyuma yangu. Basi mwizi yuko mbele! Nikamkumbuka Mzee Ndaki, nikajiambia leo karani anakamata mwizi mchana kweupe, na habari zitamfikia mkwe wangu kabla hata sijageuza.

"Mwiziii!" nikapaza sauti, mishipa ya shingo imenitoka. "Mwizi wa baiskeli! Yuko mbele! Mkamateni!"

Wachumaji pamba wakaacha vikapu wakatoka mashambani. Wengine wakaja na majembe.

"Yuko wapi?" akaniuliza mzee mmoja.

"Mbele!"

"Mpisheni huyo!" akawaambia wenzake. "Huyo ndiye anamfukuza!"

Wakanipisha. Wakanishangilia! Nikawapita washindani kadhaa, maana wao walisimama kuuliza kuna nini. Mbele yangu akabaki mtu mmoja tu, mchimbaji wa dhahabu aliyetoka huko huko kwenu, mapaja kama magogo, anaendesha baiskeli ya mashindano yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Nikaitazama ile baiskeli. Mchimbaji kaitoa wapi mali kama ile?

"Huyo hapo!" nikapiga kelele. "Mwenye fulana nyekundu!"

Kijiji cha pili, sungusungu walikuwa wameshafunga barabara kwa pinde na marungu. Mchimbaji akashushwa, akakalishwa chini kwenye vumbi.

"Kaka, mimi nipo kwenye mashindano!" akalalamika. "Si mnaona namba mgongoni?"

"Kila mwizi ana maelezo yake," nikamjibu. (Nilisema hivyo. Mimi. Mbele za watu.)

Kamanda wao, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni, akanipa mkono nikiwa bado juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. "Umefanya kazi, bwana. Vijana wa mjini wenye moyo kama wako ni wachache." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akawageukia watu waliokuwa wanafika mbio kutoka nyuma. "Hiyo baiskeli iliyoibiwa ikoje?"

"Nyeusi, ya Kichina," akajibu mama mmoja, anahema. "Kwenye keria kuna tenga. Ndani ya tenga kuna jogoo."

Watu wote wakaigeukia baiskeli ya mchimbaji. Haina hata keria. Mimi nami nikainama kuikagua, kwa bidii, nikachungulia mpaka chini ya tandiko.

Jogoo akawika mgongoni kwangu.

Nikageuka polepole. Tenga. Jogoo. Ametoa kichwa nje, ananiangalia kwa jicho moja.

Kamanda akaufuta kwenye suruali ule mkono aliokuwa amenipa. "Kaa chini," akasema. "Pale, na mwenzako."

Mchimbaji akanisogezea nafasi. "Karibu, kaka," akaniambia. "Una maelezo?"

Nilikuwa nayo, ila hayakusaidia. Nilieleza jasho, nikaeleza ua wa minyaa, nikaeleza baiskeli ya mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunisogelea. Mtu mmoja akaanza kuulizia kamba. Hapo, wenzangu, sikuwa nacheka. Mnajua mwizi anavyofanywa huku.

Mara akatokea mwenye mali. Anakanyaga pedali kwa hasira, katambuga miguuni, kofia imegeuka nyuma. Mzee Ndaki! Tena juu ya baiskeli yangu!

Ndipo nikaelewa. Alifika uwanjani wakati sisi tunakimbia, akaitambua baiskeli yangu, akaegesha ya kwake ubavuni mwa yangu ili za mtu na mkwewe zikae pamoja. Yangu haikuwa ya mwisho tena. Jogoo, Kabula ameniambia baadaye, alikuwa zawadi yangu nikimaliza mashindano, hata kama ningemaliza wa mwisho. Na alipoona baiskeli yake inatokomea, akapiga mwano, akarukia ya kwangu, kwa sababu alidhani mimi bado najikokota kule sokoni. (Hili limeniuma kuliko yote.)

"Shikamoo, baba," nikasema kutoka chini.

Akashuka kwenye baiskeli.

"Unamfahamu huyu?" kamanda akamuuliza.

Mzee akaniangalia. Akamwangalia jogoo. Akaiangalia kaptula yangu mpya, kwa muda mrefu sana. Mimi kichwani nilishamwona Kabula anaondoka na yule mfuga ng'ombe, na ng'ombe wote nyuma.

"Nani alikuwa anapiga yowe barabara nzima?" mzee akauliza.

"Huyu huyu," wakajibu. "Ndiye aliyetuita. Alikuwa na sauti kuliko wote."

"Mwachieni," akasema Mzee Ndaki. "Huyu si mwizi. Mwizi ana akili."

Kamanda akatafakari, akakubali. Watu wakakubali. Nikatazama huku na huku nikitumaini angalau mmoja atapinga, lakini wapi! Hata mchimbaji alikuwa anatikisa kichwa kuafiki huku anakung'uta kaptula. Kisha akapanda baiskeli yake, akaenda zake, na ndiye aliyeshinda.

Mzee akafungua tenga, akaangalia kama jogoo yuko salama, akaniachia baiskeli yangu. "Hii yako inakwenda vizuri," akaniambia. "Nimewapita vijana wengi." Akaondoka bila kuaga. Mimi nilirudi Nyasubi mwisho wa wote, na kile kipande cha mwisho cha kukimbia nilikikimbia peke yangu, waamuzi wameshakunja meza.

Jioni Kabula amekuja. Amecheka mpaka akakaa sakafuni. Alipopata pumzi akaniambia baba yake hajakataa. Amesema tu kwamba siku ya mazungumzo mimi nibaki nyumbani, na niwe na mtu wa kunisemea, mwenye akili zake timamu.

Kwa hiyo natafuta mshenga. Yeyote kati yenu anakaribishwa, hata wewe unayecheka sasa hivi. Ila nakuomba uende kwa miguu.