Ombi la Dawa ya Usingizi kwa Ajili ya Shangazi

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Kuhamisha Wanyama,
Kambi ya Omuramba.

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini wewe na jamaa zako hamjambo. Mimi sijambo hadi ninapoandika mstari huu. Wa pili sina hakika. Mimi ni karani wako mpya wa stoo ya dawa, na malalamiko yangu ni haya.

1. Jumanne choroa dume, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu, alipigwa sindano ya usingizi kwa bunduki, akalala vizuri. Kanuni inataka afungwe macho asishtuke. Kitambaa cha kazi hakikuonekana. Dereva wetu mzee, Tate Kaurivi, alikuwa amekifunga kwenye kibuyu chake cha maziwa ya mgando. Nilipomuuliza alininong'oneza, kwani mbele ya mnyama aliyelala hatupazi sauti: "Mwanangu, maziwa nayo yanashtuka."

2. Ndipo kikaombwa kilemba cha shangazi yangu Uahorekua, mpishi wa kikosi. Ni kile chetu cha Kiherero chenye pembe mbili kama za ng'ombe, alichokishonea arusi ya bintiye Jumamosi hii. Siku hiyo alikivaa ili kikizoee kichwa. "Nani atanirudishia?" akauliza. Wote wakanitazama mimi.

3. Nilimfunga choroa macho nacho. Daktari Ndeshi alipomchoma dawa ya kuamsha aliamuru, "Fungua, kimbia!" Kwa uangalifu, nilianza na la pili. Choroa akasimama, kilemba kikampanda kwenye pembe, akaingia porini bila kuaga.

4. Tangu hapo shangazi haitikii salamu zangu. Ananoa kisu tu. Jana alimwambia Tate Kaurivi makusudi nisikie: "Yule mwenye pembe alikimbia. Huyu asiye na pembe atakimbilia wapi?"

5. Choroa anazibwa masikio kwa pamba, anamwagiwa maji, na watu wazima wananong'ona kando yake ili asife kwa hofu. Mimi ninayekufa kwa hofu nimepewa kiti cha plastiki.

6. Kwa hiyo naomba kibali cha kumlaza shangazi hadi Jumapili. Uzito wake siwezi kumuuliza. Nakadiria ni wa pofu jike, yule swala mzito kuliko wote. Tafadhali asijue kwamba nimekadiria.

7. Kwa kuwa wageni wa arusi watauliza alipo, naomba nao walazwe, kuanzia bibi arusi.

Nisalimie mama watoto, mhasibu na walinzi wa getini. Hasa walinzi.

Mtumishi wako mwenye kutetemeka,
Ripuree Katjaerua,
Karani wa stoo.

N.B. Kilemba kimepatikana kwenye mti wa miiba, kimetobolewa na pembe pande zote mbili. Shangazi alikivaa, akajitazama kwenye kioo cha gari, halafu akasema: "Hiki kimevaliwa na dume lenyewe! Nani mwingine anacho?" Sasa dada zake wote wameleta vyao ili navyo vivaliwe na dume. Amewaahidi kwamba choroa atalazwa tena kesho, na kwamba atakayemfunga macho ni mimi, kwa kuwa nina kipaji cha kusahau kufungua. Dawa niliyoomba tafadhali iletwe haraka. Badilisha jina tu, uandike langu.